Kiamshakinywa cha Eilert

Mpishi wa meli yetu sasa ni mwokaji mikate hapa katika mji wa bandari wa Haugesund, nami ndiye ninayempimia unga. Hukanda polepole kwa mikono yake mipana, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Mikate ikitoka tanurini, hugusa kila mmoja kwa kiganja na kutulia kidogo. Sauti yake ni ya chini, utadhani kuna watu wamelala chumba cha pili. Kila Jumamosi huja Bi Torbjørg, ambaye mwanawe Eilert, mchochea makaa melini mwetu, alizama na meli hiyo ilipopigwa na nyambizi ya Wajerumani wakati wa vita.

"Siku ile alikula?" huuliza.

"Alikula, mama," mpishi hujibu. "Vipande viwili, na siagi."

"Mlafi yule. Hakuomba cha tatu?"

"Aliomba. Nikampa."

Bi Torbjørg hucheka, akajifuta macho, akaondoka na mkate wake. Jumamosi iliyopita nilimwambia mpishi kwamba hata mimi naikumbuka asubuhi ile: kombora lilitupata kabla hatujala, mikate haijaiva.

Hakuacha kukanda. "Najua," akasema. "Niliiweka tanurini mimi mwenyewe."