Miguu Yangu Juu ya Tembe

Baba alichukuliwa asubuhi, sisi tukiwa kisimani. Askari wa Mjerumani walipita kukusanya wapagazi wa vita, na tuliporudi tulikuta jembe lake limelala chini shambani. Nilikuwa binti mdogo, ndiyo kwanza naanza kupevuka. Nikajiambia kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa akitazama njia.

Basi nikaanza kutazama. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa bapa la miti na udongo, na gogo la vidato la kupandia. Juu pale unaona njia ya Mpwapwa mpaka inapozama vichakani. Nilipanda, nikatazama, hakuna mtu. Moyo ukatulia. Nikashuka. Kabla sijashika mchi, moyo ulishaanza tena: je, kama wametokea sasa hivi? Nikapanda. Mwanzo ilikuwa asubuhi na jioni. Baadaye nilipanda hata chakula kikiwa mdomoni. Ajabu, kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoogopa. Niliyekuwa nikipigana na fisi kwa fimbo, nikawa siwezi kwenda kuokota kuni bila kurudi mbio.

Mama alikuwa amesiriba paa upya kwa udongo kungoja mvua. Kwetu paa likishasiribwa halikanyagwi, hata mbuzi anafukuzwa. Mimi nilikanyaga akiwa shambani.

Mvua ya kwanza ikaja mchana, kubwa, ikakata. Siku ya nne mama akafungua lindo, pipa la gome la mti tulimoweka mbegu ya mtama. Akatoa kiganja: imechipua, inanuka. Akatazama juu. Udongo ulikuwa umepasuka na kupitisha maji pale pale niliposimama kila siku.

"Nani anapanda huku?"

Nikatazama miguu yangu.

"Nakuuliza wewe, mwenye miguu ya korongo!"

"Nalinda, mama."

"Unalinda nini? Askari hawajaja, na mbegu umeshaimaliza wewe!"

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Mbegu ya chini ilikuwa bado kavu. Akaijaza kibuyu kimoja, akakitundika juu ya moshi wa jiko. Hiyo ndiyo iliyobaki kupanda mvua ya pili ikija. Ikipotea, hatuna shamba. Kisha akanikalisha kwenye jiwe la kusagia, mgongo mlangoni.

"Ukitaka kupanda juu, panda. Lakini maliza kusaga ungo huu wa mtama kwanza."

Siku ya kwanza nilisaga nikilia, shingo inauma kwa kutaka kugeuka. Nikamaliza, nikakimbilia nje. Siku nyingine nikamaliza, nikasimama mlangoni tu. Hofu ilikuja, ikanitingisha, nami nasaga, nayo ikapungua yenyewe bila mimi kutazama kitu. Hilo sikulijua kabla. Nilidhani ni macho yangu yaliyokuwa yakiiondoa.

Askari wakaja kweli, nikiwa kwenye jiwe, mama kisimani. Kivuli kikaziba mlango. Mmoja akaingia, bunduki begani, akachukua unga wangu wote. Kisha akanyoosha kidole kwenye moshi.

"Kile kibuyu kina nini?"

Miguu ikataka gogo la vidato. Mikono ikaendelea kusaga, jiwe likiwa halina hata punje.

"Mbegu, bwana."

"Lete."

"Mkila mbegu leo, mwakani mtakuja kuchukua nini hapa? Mavumbi?"

Mwenzake wa nje akacheka sana. "Toka huko, bwana! Huyo atakusaga na wewe!"

Wakaondoka na unga na beberu wetu. Kibuyu kikabaki. Mama aliporudi nikamsimulia. Alikitazama kibuyu kwanza, ndipo akanitazama mimi.

Tulipanda mvua ya pili. Baba hakurudi.

Wajukuu zangu huniita mwanamke asiyeogopa. Nawaacha waseme, napenda kusikia. Lakini mbwa wakibweka, miguu hii bado inataka kupanda. Naiambia ingoje, nimalize ungo.