Muzee Bahati na Buse ya Trente-six

Mukitaka kusema ni uongo, semeni, lakini mimi nilikuwa pale. Na haikuwa hata usiku. Ilikuwa saa tisa ya muchana, mvua inapiga mabati ya garaje yangu kule Mugunga, niko peke yangu, mikono imejaa mafuta.

Espoir alikuwa ameniletea gari yake ndogo ya mashindano. Jumapili angevuka mpaka wa Bunagana akakimbie upande wa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuchagua buse, ile pete ya ndani ya karburateri inayobana hewa ili ivute esanse, mafuta ya gari.

"Mama Neema, wewe ndiye unajua," aliniambia, akaenda zake.

Nilijua kweli. Muzee Bahati, aliyenifundisha kazi hii, alinirudilia maneno haya miaka mingi: moteri ndogo, buse ndogo. Ukiweka kubwa, gari itakimbia vizuri kwenye njia iliyonyooka, lakini ikitoka kwenye kona hewa inalegea, esanse haifuati, moteri inakata pumzi. Kwa moteri ile ilikuwa trente-deux, namba thelathini na mbili. Nilikuwa nimeishika tayari.

Nikasikia mutu anakohoa nyuma yangu. Muzee Bahati.

Aminini, huyo mutu nilimuzika. Nilitupa udongo juu ya jeneza lake. Sasa amesimama na kombineshoni yake ya kazi, ile ya bluu, na mvua yote ile haikumulowesha. Ningekimbia? Sikukimbia. Na niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimemukosa sana.

"Weka ile kubwa, trente-six, mutoto wangu."

"Lakini Muzee, ulinifundisha..."

"Si ni mimi nilikufundisha? Weka."

Sauti ilikuwa yake. Nikainama kutafuta trente-six, ile ya thelathini na sita, ndani ya kopo. Kuinua kichwa, hakuna mutu. Mulangoni tope tupu, hata alama ya kiatu hakuna. Hapo ilifaa niache. Sikuacha, niliweka. Nani anakatalia muzee wake?

Mambo ya Jumapili, wenzake Espoir walinisimulia. Espoir alitoka kwenye kona ya pili, akakanyaga, gari ikasita kama mutu aliyesahau neno. Gari iliyokuwa nyuma ikamugonga. Walimurudisha Goma amekufa.

Kwenye kilio nilipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, ni mimi niliweka buse mbaya."

Akaniangalia. "Ulijua ni mbaya?"

"Nilijua."

"Sasa nani alikuambia uweke?"

Nikainuka, nikaenda zangu bila kumutaja Muzee. Mpaka leo tukikutana sokoni anahama njia.

Garaje nilifunga. Nauza makala ya kupikia. Kwenye kaburi la Muzee sikanyagi tena, maana sijui nani amelala pale, na nani alikuja kwangu.

Ninyi munaonisikiliza, mufu wako akirudi na kusema kinyume cha yale alikufundisha akiwa muzima, usimuite Muzee. Usimujibu. Kimbia, hata kama ulimulilia sana.