Kanda Zangu na Wimbo wa Kwenye Kanga

Walionidhulumu kwa habari ya kanda ni watatu. Binti yangu amenikataza kuandika majina, anasema siku hizi hata hapa Bagamoyo watu wanasoma, basi nitawataja kwa nafasi zao: aliyekuwa mume wangu, dada yake, na jirani yangu wa ukuta mmoja. Wenyewe watajijua. Na wengine watawajua, maana mji wetu si mkubwa.

Mume alipoondoka kumfuata mwanamke wa Kiwangwa mwenye shamba la mananasi, alibeba kila alichokiona kina thamani. Alibeba kitanda akaniachia godoro. Alifungua hadi kitasa cha mlango wa uani, akasema alikinunua yeye. Sanduku la kanda alilisukuma kwa mguu, akalitazama, akaliacha. "Takataka zako hizo, baki nazo," akasema. Nikabaki nazo. Mie kwenye ndoa ile nilitoka na uhai, masufuria na kanda za taarabu, na nikitazama wenzangu walivyotoka kwenye zao naona sikufanya vibaya.

Asiyekulia pwani huenda asielewe kanda zote zile za nini. Si za kusikiliza tu. Kwetu ukikorofishana na mtu humwendei mlangoni kumtukana, utaonekana hukufunzwa. Unatoa redio barazani, unaielekeza kwake, unaweka wimbo unaomhusu, kisha unakaa zako unachambua mchele. Yeye anajua, mtaa unajua, na wewe hujasema neno. Kwa hiyo sanduku langu ni kama kabati la dawa. Ninao wimbo wa mwizi wa waume, wimbo wa mke mwenza, wimbo wa mtu aliyepata juzi akasahau ya jana, na mmoja wa mama mkwe ambao umepigwa mpaka mwimbaji amebaki kunong'ona.

Mambo mapya aliyaleta jirani. Kuna kikundi cha taarabu kilitoa wimbo, lakini hawakuutoa kwa kanda, wala sidii, wala flashi. Waliutoa kwa kanga. Unanunua doti, na katikati ya kila kanga kuna kimraba chenye vidoadoa. Ukikielekezea simu ya kupangusa, wimbo unaanza kuimba humo kwenye simu. Jina la kanga lilikuwa NIMEPATA, WEWE ENDELEA KUULIZA.

Jirani alitoka nayo asubuhi kwenda soko la samaki, moja kajifunga, nyingine kajitanda. Sasa ile ya kiunoni, kimraba kilikaa palepale Mungu alipomjaalia, na alimjaalia hasa. Wauza samaki wakatoa simu. Mmoja alimfuata kutoka kwenye meza za dagaa hadi kwenye mapipa ya barafu, anamwambia kwa adabu zote, "Mama, simama kidogo, haijasoma." Jirani akasimama. Akageuka upande wa mwanga. Wimbo ukaimba, na soko zima likamshangilia kama bibi arusi.

Jioni ile tukakutana kwa msusi, kwenye baraza yake, ambako wapenzi wa taarabu tunakutana kila siku na kushindwa kuelewana kila siku. Msusi alikuwa na kichwa cha mteja magotini, na mteja huyo alikuwa wifi yangu wa zamani, dada wa yule wa mananasi. Kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nilimwamkia, "Shikamoo wifi," akaitika, "Marahaba," macho kwenye kioo. Ugomvi hauondoi salamu.

"Haya, bibi wa makumbusho," jirani akanianza. "Umeona wimbo unavyotembea mjini?"

"Nimeona ulivyokaa," nikamwambia. "Wimbo wa kuupigia simu nyuma ya mtu, mie siuiti wimbo. Wimbo una mwili wake. Kanda unaishika, unaigeuza, unajua hapa mbele kuna kikohozi cha mpiga fidla."

"Na kanga sishiki? Naishika, naivaa, nabebea mjukuu, na nikifa watanifunika nayo. Wewe utafunikwa na kanda?"

"Ukiifua mara mbili tatu kimraba kitachuja. Simu itasoma nini hapo, upepo?"

"Ndio maana nimenunua doti ya pili," akasema, akatoa kwenye mkoba kanga nyingine, bado iko kwenye nailoni yake, haijakatwa wala kuoshwa. "Hii sivai. Hii ya kutunza."

"Kanga isiyovaliwa ni pazia, mwaya."

"Na kanda isiyopigiwa mtu?" akaniuliza. "Maana nusu ya uliowanunulia hizo wameshakufa, Mungu awarehemu. Unazitunza umpigie nani?"

Hapo aliniweza. Ni kweli ninazo kanda ambazo wenyewe wamelala makaburini, na siku nyingine nikizipangusa vumbi nawakumbuka zaidi kuliko ndugu.

Msusi akasema bila kuinua kichwa, "Nyote mnabeba mizigo bure. Mie wimbo uko kwenye simu. Bando likiisha nanyamaza."

Wakacheka, jirani akacheka zaidi, na mie kwa uchungu wa kuchekwa nikasema ambalo sikulijua vizuri. Nikasema Dar kuna watu wanazipanga kanda kwenye makabati ya vioo kama dhahabu. Nikasema kuna bwana ameshaniulizia. Nikasema lile sanduku langu likienda Dar, linarudi nyumba ya bati. Msusi alisitisha kitana. Wifi alijitia kutazama kioo, ila nililiona sikio lake, lile la upande uliokwisha kusukwa, limekaa wazi kabisa.

Haikupita Ijumaa. Wakaja wawili, dada mtu na kaka mtu, na pikipiki ya miguu mitatu wameisimamisha nje na kamba ya kufungia mzigo. Mume, hebu niseme mume ili nisirefushe, alivaa kanzu. Kwenye arusi yetu alivaa suruali, lakini kuja kudai kanda alivaa kanzu.

"Zile kanda," akasema baada ya kunywa maji, "nilizinunua mimi."

Kweli nyingine alizinunua yeye. Alikuwa akija na kanda kila anapochelewa kurudi, na alichelewa sana. Mie naona nilizilipia kwa kusubiri. Lakini hilo ukilisema mbele ya watu halisimami, nami nilimwona amekwisha kulitazama sanduku kwa macho yale aliyokitazamia kitasa. Nikajua leo linatoka. Maneno yangu yote ya miaka, kwamba kanda ni hazina, ilinibidi niyameze palepale kwa maji baridi.

"Kanda zenyewe takataka," nikasema. "Wewe mwenyewe ulisema. Muulize jirani."

Jirani akaitwa. Sijui kama alikuja kuniokoa au kujistarehesha, mpaka leo hajaniambia. Alijifunga kanga yake, akasimama katikati ya ukumbi wangu akatoa ushahidi. Akasema kanda zina ukungu mpaka waimbaji wanasikika wana mafua. Akasema mende wamezalia humo vizazi na vizazi. Akasema mwenye akili timamu hawezi kukaa na uchafu ule, ila mimi tangu zamani sina timamu. Kila akimaliza moja ananigeukia, "Uongo, shoga?" na mie najibu, "Kweli." Alikaa kwenye hilo muda mrefu kuliko haja.

Mume akasikiliza yote, akapangusa mdomo. "Basi kama takataka, nikuondolee," akasema, akainuka, akashika mpini mmoja wa sanduku.

Ndipo nikakumbuka chumba cha mwali.

"Chukua," nikamwambia. "Ila ujue maandishi ya juu si ya kuaminika. Humo mna kanda niliyorekodi ndani, arusi ya mdogo wenu wa mwisho, siku mwali anafundwa. Wifi, siku ile kungwi alikuwa nani?"

Wifi akaweka kikombe chini.

Kungwi alikuwa yeye. Na ya chumba cha mwali ni ya wanawake peke yao, mwanamume hayasikii, na kungwi ambaye maneno yake yamemfikia mwanamume ameaibika, hafundi tena mtoto wa mtu. Tena wifi hakufunda kwa nadharia. Alitoa mifano. Alianza na mumewe mwenyewe, anavyolala na anavyoamka, akamwiga na sauti. Kisha akahamia kwa kaka yake, kwa habari ambazo mie nilimpa kwa siri nikiwa na hasira. Wanawake tulicheka tukamwaga sharubati.

"Ulirekodi?" akaniuliza taratibu.

"Redio ilikuwa pale pale, wifi, tulikuwa tunachezea ngoma."

"Ni kanda ipi?"

"Nimesahau. Niliibandika jina la wimbo wa watu, wanaume wasiiguse."

"Mnasema kanda gani?" mume akauliza, mkono bado kwenye mpini.

"Achia hilo sanduku," dada yake akamwambia.

"Dada, si wewe ndiye uliyesema..."

"Nimesema achia. Mwanamke umemchukulia kitanda, umemchukulia kitasa, unataka na nyimbo? Huna haya wewe? Twende."

Wakaondoka na kamba yao. Jirani akaangua kicheko mpaka kanga ikamfunguka.

Kesho yake alasiri wifi akarudi peke yake. Akasema hatapata usingizi mpaka kanda ile ipatikane, na kwa kuwa sijui ni ipi, tutazisikiliza zote, moja moja, pande mbili. Tangu hapo kila alasiri yuko barazani kwangu, mguu juu ya mguu, chai mkononi, anasubiri sauti yake mwenyewe. Jirani akipita na kanga, wifi ndiye anayemjibu: "Pita na vidoadoa vyako, sisi huku tunasikiliza muziki."

Kanda anayoitafuta haipo. Redio iliitafuna mwaka uleule wa arusi, nikautoa utepe nikaufunga kwenye bustani ya mchicha kufukuzia ndege. Siri za wanaume wawili zilipepea pale mpaka masika yakaziozesha. Sikumwambia. Wifi aliyeniingilia ndoa yangu miaka yote ile, acha atafute.

Ila juzi nilipofungua sanduku aliniambia nimwekee ile ya mama mkwe.

"Hiyo tumeshaisikiliza, wifi," nikasema. "Pande zote mbili. Sauti yako haimo."

"Najua," akasema. "Weka tu."

Nikaiweka. Sijamsamehe, na chai yake bado naipunguza sukari.