Shahidi Hana Jibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la kaka yangu, mikono ikanifunika mpaka vidoleni. Ilikuwa mahakama ndogo upande wa magharibi wa Mlima Meru, na mimi nilikuwa mkalimani, yaani mtu wa kusimama kati ya hakimu asiyejua Kimaasai na shahidi asiyejua Kiswahili. Karani mkuu, Mchaga mmoja wa Machame mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyenipokea. Hata kiti hakunikaribisha.

"Kijana, sikiliza," akaniambia. "Hapa huna maneno yako. Mwizi akisema mimi niliiba, na wewe sema mimi niliiba. Usituletee mambo ya 'anasema kwamba aliiba'. Hakimu anaandika mwenendo wa kesi kwa mkono. Kalamu yake ikitembea, funga mdomo. Ikisimama, endelea. Tumeelewana?"

Mama yangu alikuja kunitazama siku hiyo, akakaa benchi la nyuma na kibuyu chake cha maziwa. Mshtakiwa wa kwanza akakiri kosa, nami nikapaza sauti: "Ni kweli, mheshimiwa, mimi niliiba mbuzi." Mama akaruka juu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hayo aliyasikia vizuri. "Uuuwi! Mwanangu, umeanza lini?" Mahakama nzima ilicheka, mpaka mwizi mwenyewe.

Nayasimulia haya kwa vijana wanaopenda kujua kazi ilivyokuwa, lakini nisiwafiche, sababu yenyewe ni mjukuu wangu Naserian. Ameandika hadithi ya miaka ijayo, akaniweka mimi humo ndani kama shujaa. Ilibidi nichague kunyamaza nibaki shujaa wake, au kusema. Nitafika huko.

Kutoka mahakama ile nilihamishiwa mjini, mahakama kubwa zaidi, chini ya hakimu mfawidhi, ndiye mkuu wa mahakimu wa kituo. Huyu alikuwa mtu wa haraka. Shahidi akizungumza sana, alinitazama mimi kana kwamba ni mimi ninayempotezea muda. "Mkalimani, fupisha!" Ukimfupisha mzee wa Kimaasai umemvunjia heshima, maana anaanza na ng'ombe, anapita kwenye mvua, ndipo anafika kwenye ugomvi. Nikajifunza kufupisha. Aliyemfuata alikuwa mama mmoja mpole, akiuliza mara mbili kabla ya kuandika. Kwake nilifanya kazi kwa raha, lakini akahamishwa mapema, kama kawaida ya wapole. Nikastaafu nikapewa blanketi na hotuba, nikarudi nyumbani kwangu Sokon I kufuga kuku.

Naserian anasoma mambo ya kompyuta, amepanga chumba Levolosi. Jumapili moja baada ya ibada akaja, akaniamkia, akanipa simu yake.

"Shikamoo babu. Soma hii. Kuna shindano la hadithi, nataka uniambie kama mambo ya mahakama nimeyapatia."

"Marahaba. Ni ya mapenzi?"

"Aka! Ni ya miaka mia ijayo."

Nikavaa miwani, nikasoma. Katika hadithi hiyo mlima upo palepale, ila watu hawasemeshani bila kidude kidogo kama kifungo cha shati, kinachobandikwa nyuma ya sikio. Kinajua lugha zote. Kimaasai kinakijua kwa lafudhi ya kwetu hasa, kinajua mpaka kukohoa kabla ya kusema. Kwa hiyo hakuna anayejifunza lugha ya mwenzake, hata mama na mwanawe wanaongea kwa kupitia hicho. Kule Ngaramtoni soko limejaa watu na huwezi kujua nani ametoka wapi. Mahakamani hakuna hakimu wala karani. Kuna chumba cheupe na sauti ya upole.

Anaingia bibi mmoja mjane. Shemeji yake amemnyang'anya shamba. Sauti inamwuliza, shamba lilikuwa la nani? Anajibu, la baba wa watoto wangu. Jina lake nani? Bibi ananyamaza. Kile kidude kinasubiri kidogo, kwa adabu kabisa, kisha kinasema: "Shahidi hana jibu." Kesi inaisha hapo.

Nikaiweka simu mezani. Nikamgeukia mtoto wa watu kwa ukali.

"Nani amekusimulia haya?"

"Hakuna, babu. Nimebuni tu. Nilijiuliza mashine inayojua maneno yote ingeshindwa wapi, nikakumbuka koko alivyokuwa hataji majina ya waliofariki." Koko ni bibi, yaani marehemu mke wangu. "Mbona umekasirika? Endelea mbele, na wewe umo."

Nikaendelea. Mlangoni mwa kile chumba cheupe anatokea mzee aliyewahi kuwa mkalimani. Anasimama, anaiambia ile sauti kwamba kwa mila za Kimaasai mjane halitaji jina la mumewe aliyekufa, na kunyamaza kwake si kukosa jibu. Mashine inajirekebisha. Bibi anarudishiwa shamba lake.

"Huyo ni wewe," Naserian akasema, anatabasamu. "Maana mtu ni mtu, babu. Mtu angesimama."

Jamani! Ningeweza kusema hewala, umepatia, nikanywa chai yangu. Nilikuwa na kila nafasi ya kunyamaza. Nilimtazama vile alivyokuwa anafurahi, nikaona nitamdanganya mpaka kaburini. Nikamwambia.

Ilikuwa mahakama ile ya kwanza, nami nikiwa bado kwenye majaribio, sijathibitishwa kazini. Alikuja mjane, na shauri lilikuwa lilelile, shamba na shemeji. Hakimu akauliza jina la mume, nami nikamtafsiria. Yule mama akainamisha kichwa. Nilijua kwa nini. Siku hizi majina ya marehemu tunayachonga kwenye misalaba na kuyasoma kanisani, lakini yeye alikuwa mtu wa zamani, na mimi nilikulia nyumba ya namna hiyo. Dawa yake niliijua vilevile: unamwomba hakimu aitwe mtu wa ukoo mwingine aliye nje, asiyebanwa na mwiko huo, alitaje jina, mambo yanaendelea. Dakika mbili tu. Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimefafanua jambo la mila, na hakimu akanikemea mbele za watu: "Wewe si shahidi wala si wakili. Tafsiri kinachosemwa." Sasa kalamu ilikuwa imesimama, inanisubiri. Yule mama hakusema lolote, nami nikatafsiri.

"Shahidi hana jibu, mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Shamba likaenda kwa shemeji. Mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini.

Na haikuishia hapo, nikamwambia Naserian, maana nikishaanza sinyamazi tena. Nilikutana na yule mama Ngaramtoni, anauza majani ya ng'ombe aliyokata kando ya barabara. Alinisalimu kwa heshima zote. Akanishukuru kwa kuwa mdomo wake siku ile, akasema hakimu ndiye aliyekuwa mbaya. Kiswahili hakujua, kwa hiyo hakujua nilichosema. Nikapokea shukrani. Nikanunua mzigo mmoja wa majani, na ng'ombe sikuwa naye.

Naserian alikuwa ameinama, anafuta kioo cha simu kwa ncha ya kitenge.

"Basi yule mzee nimtoe?" akauliza.

"Mtoe. Hakuwepo."

Akamtoa palepale, mbele yangu. Ni kazi ya kubonyeza tu. Akanisomea tena mwisho: bibi ananyamaza, sauti inasema, bibi anatoka nje. Ilikuwa hadithi bora zaidi, na nilimwambia hivyo, maana ilikuwa kweli.

Vijana huniuliza, mzee, mashine itachukua kazi ya mkalimani? Itachukua, sina shaka, na itaifanya kama nilivyoifanya mimi: haraka, kwa adabu, bila kumkera mkubwa. Itajifunza kwa nani, kama si kwetu? Nikijaribu kuiwazia ile miaka mia ijayo, sioni ajabu yoyote. Naona chumba changu cha kazi kimepakwa chokaa.

Naserian bado anakuja kila Jumapili. Ananiamkia vizuri, ananiletea mkate, anawarushia kuku mahindi. Habari za mahakama haniulizi tena.