Wanja Kwenye Jani la Soya

Siku Mjomba Chilumba alipoingia shambani kwetu Chiwata na mashine ya kupulizia dawa ya salfa mgongoni haijanitoka kichwani, mwanangu. Tangu urudi kutoka Newala na begi lako, inanijia kila nikikutazama. Najua ulichokikimbia kwa mume yule. Najua pia wanavyokusema pale bombani, eti umerudi kwa mama yako na doa. Haya, menya hiyo mihogo taratibu, nami nikusimulie habari ya madoa.

Nilikuwa mwali, sina muda mrefu tangu nitoke unyagoni. Msimu uliopita kutu ilikuwa imetumalizia soya yote. Kutu ni ugonjwa wa ukungu. Huanza kwa vumbi la kahawia chini ya jani, kisha majani hupukutika ukabaki na vijiti. Shamba lilikuwa la ukoo, na unajua kwetu neno la mjomba juu ya ardhi ndilo neno. Alikwishamwambia mama, soya ikifa tena anapanda mikorosho yake pale. Mikorosho ni mali, sikatai, lakini shamba lile ndilo lililotulisha mimi na mama, na hatukuwa na lingine. Niliogopa sana.

Bi Rehema, mtaalamu wa mbegu, alitupandia mistari ya soya ya aina mbili. Iliposimama vizuri alirudi na kichupa cha maji, akatuambia mle ndani mna protini inayotoka kwenye kutu. Kutu yenyewe haimo, kwa hiyo hakuna cha kuambukiza. "Ni nyayo za fisi tu, fisi mwenyewe hayupo," alisema. Akayasukuma maji yale chini ya majani kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Soya inayozitambua nyayo hizo itajikausha yenyewe pale palipoguswa, maana kutu hula sehemu iliyo hai tu, na ikikuta pakavu inakwama. Isiyozitambua haitafanya lolote. Basi akaaga, akarudi Masasi mjini kusubiri mvua kubwa zinazoleta kutu, kama sisi.

Haukupita muda, mstari mmoja ukaota madoa. Makavu, ya kahawia, kila mahali palipoguswa. Mstari wa pili ulibaki kijani kinachong'aa, ungependa kuuangalia. Majirani wakasema Bi Rehema ameichoma soya yetu sindano ya ugonjwa, na maneno yakamfikia mjomba.

Alikuja na salfa iliyobaki msimu wa korosho. Sisi watu wa korosho ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho unaotibiwa kwa salfa, umetufundisha kitu kimoja: ukiona jani limechafuka, puliza. Mjomba alitaka kung'oa mstari wenye madoa na kuupulizia ule mzuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akainama akashika shina la kwanza. Mama alikuwa amesimama, mikono kifuani. Kaka yake ameshasema, yeye aseme nini?

Nikasema mimi.

"Mjomba, naomba usubiri."

"Mwali wewe, unanipandishia sauti mimi?"

Nilifungua pindo la kanga nikatoa wanja wangu, nikachora mzunguko kwenye ukingo wa doa moja, kisha jingine, kisha jingine. Nikamwambia, doa likivuka wanja nitaung'oa mstari wote mwenyewe, mbele yake, na shamba achukue. Mama aligutuka. Sikuwa nimemuuliza.

Mjomba aliliachia shina. "Mpaka Ijumaa, nikitoka msikitini."

Siku zile sitaki hata kuzikumbuka. Kila kukicha nilikuwa shambani, nikiinua jani kwa vidole viwili kama yai. Asubuhi moja nikakuta weusi umetapakaa nje ya mzunguko. Nilipolifuta jani kwa kanga nikaona ni umande umeuyeyusha wanja. Doa lilikuwa palepale. Nilikaa chini kwenye tope nikalia kwa sauti.

Ijumaa mjomba alikagua jani baada ya jani. Hakuna doa lililovuka. Hata hivyo hakuridhika. Alinyoosha kidole kwenye ule mstari wa kijani, akasema, "Huu mzuri ndio utakaowalisha," akabeba mashine yake bila kupuliza, akaenda.

Mvua kubwa ikaja, na kutu ikaja nayo. Mstari mzuri uliipokea kama mgeni. Vumbi la kahawia likajaa chini ya majani, yakadondoka yote, tukabaki na vijiti. Ule wenye madoa ukaota vidoa vingine vidogo, kila mahali kutu ilipotua, na kutu ikaishia hapohapo. Majani yalibaki, maganda yakajaa.

Tulipovuna, mjomba alikuja na bakuli tupu. "Mama Somoe, naomba mbegu. Ile ya madoa." Mama akamwambia, "Mwombe Somoe." Na mjomba wangu, mwanangu, aliniomba. Nilimjazia bakuli kwa mikono miwili, na habari ya mikorosho kwenye shamba letu haikusemwa tena.

Sasa nisikilize. Ulipoondoka kwa yule bwana kuna sehemu yako imekauka, na inauma, wala sitakudanganya kwamba itarudi kuwa kijani. Hiyo ni alama kwamba ulimtambua adui ukamfungia njia. Wanaokuita mwenye doa wanatazama jani kama mjomba. Usiwaruhusu wakung'oe, na usikubali kupuliziwa dawa ya ugonjwa usio nao. Ila ulinde ukingo. Hasira yako ibaki kwa yule aliyekupiga, isivuke ikafika kwa mama yako, wala kwa huyo mtoto uliyembeba tumboni.

Mungu akupe mizizi, mwanangu, akujaze maganda, na mvua ikija ikukute umesimama. Mihogo hiyo inatosha. Shika wanja wangu huu, upake machoni, kisha chukua ndoo uende bombani.