Pengo Kwenye Rafu ya Tatu

Vitabu vyangu havitoki nyumbani kwangu. Hiyo ndiyo sheria, na ndugu zangu wote wanajua kwamba katika jambo hilo nina roho mbaya. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Kyela mjini. Vitabu vya majengo, vya picha na vya ubunifu nimevikusanya kimoja kimoja. Vingine vilikuja na basi kutoka Mbeya vimefungwa kwenye kiroba, vingine nilivichomoa kwenye marobota ya mitumba. Kimoja nilikinyang'anya kwa mama muuza vitumbua aliyekwisha kuchana kurasa za mwisho afungie biashara yake. Kinahusu nyumba za mbao za nchi za baridi. Kuta zake nazijua zote, mapaa ndiyo yaliyokwenda na vitumbua.

Kuvitunza hapa ni vita. Mvua ya kwetu hainyeshi, inahamia. Ukungu unaota kwenye majalada, na kurasa za picha zinagandana. Jua likitoka tu navipeleka uani, navisimamisha wazi juu ya kichanja. Majirani wameanika kakao, mimi nimeanika vitabu. Wakicheka, wacheke.

Kwenye rafu ya tatu niliacha pengo kwa makusudi. Nilikuwa na vitabu vya nyumba za udongo za jangwani, nyumba za juu ya nguzo, hata nyumba za vioo vitupu, lakini hakuna hata ukurasa mmoja wenye nyumba ya kwetu: ya mianzi, kuta zimeinamia nje kidogo, ndani imekandikwa udongo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya namna hiyo kule Mwaya. Na baba zangu wadogo walikwisha kuchoma matofali ya nyumba mpya. Wakishavuna mpunga, ile ya mianzi inabomolewa, bibi anahamia kwenye bati.

Habari hiyo ilinikasirisha mpaka nikashindwa kula. Kisha nikasema, kama hakuna aliyekiandika kitabu hicho, nitakitengeneza mwenyewe kabla ukuta haujaanguka. Nilichokitaka kuliko vyote ni ukuta wa karibu na jiko, ambao mama mkwe wake bibi aliutia marembo kwa vidole, mistari na vidoa, vyote vimeiva kwa moshi. Nikampigia bibi simu: nakuja kupiga picha nyumba yako, itaingia kitabuni. Bora ningefika kimyakimya.

"Ugonile, bibi," nilimsalimia nilipofika mlangoni kwake.

"Ndaga, mjukuu wangu. Ingia, ingia uone."

Niliingia. Kuta zilikuwa nyekundu, mbichi, zimekandikwa upya kutoka juu hadi chini. Marembo hayakuwepo. Kwetu mgeni akitangazwa, ukuta unakandikwa. Mwanamke anayempokea mgeni na masizi atasemwa mpaka kanisani. Na mimi nilikuwa nimemtangazia wageni wa kitabu kizima.

"Bibi, umeyafuta!"

"Nimefuta masizi. Ulitaka watu wa huko mbali waseme nilikuwa mvivu?"

Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, na alikuwa na furaha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya migomba, kilio cha hasira tupu. Nilipomaliza nikanawa uso, nikatoa futi na kamera. Nilipima kila mwanzi na kila fundo la kamba. Alasiri jua lilipoingia kwa chini mlangoni, ukuta mpya ulionyesha viganja vya bibi, mkono baada ya mkono, vikipanda na kushuka. Nikaupiga picha huo. Marembo ya zamani sikuyapata, na mpaka leo yananiuma.

Mpunga ulivunwa, nyumba ikabomolewa. Mimi nilichapisha kurasa Mbeya, nikazishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, nikaweka jalada la kitambaa. Kitabu kikaingia kwenye lile pengo, kikakaa. Nilifurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahia kitabu cha kununua.

Siku moja bibi alikuja mjini sokoni akapita kwangu. Nikampa akitazame. Hajui kusoma, alifunua taratibu mpaka kwenye ukuta, akaweka kidole.

"Hapa mkono ulikuwa umechoka," alisema.

Kisha akakifunga, akakizungushia kitenge, akakitia kwenye kikapu juu ya chumvi yake.

"Bibi, vitabu vyangu havitoki humu."

"Vyako visitoke. Hii ni nyumba yangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Yeye alisimama mbele yangu na kikapu, mfupi, hana haraka.

"Kule kwenye bati nakaa vizuri," alisema. "Sivujiwi. Lakini bado sijahamia, mjukuu wangu."

Nilitoa mkono kwenye fremu, nikakibeba kikapu mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Niliporudi niliitazama rafu ya tatu na pengo lake, nikavuta kiti, nikatafuta sindano na ule uzi wa nyavu.