Siku Trapeza Ilipoacha Kutanua Miguu

Vijana wa vidato vya chini, kaeni vizuri mnisikilize: mimi wa kidato cha tatu nimestaafu. Kazi niliianza siku ya kwanza ya likizo, kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, porini nyuma ya Buseresere. Mjomba Shija alichimba chini. Mimi, kwa amri ya mama, sikuruhusiwa kuvuka mdomo wa shimo, nikawekwa kwenye matimba, magogo yanayozuia udongo usiwaangukie watu.

Mkuu wangu alikuwa Msimamizi wa Matimba, Mzee Masanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Trapeza unaijua?"

"Naijua. Ilinipa sifuri."

"Humu ikikupa sifuri hutarudi nyumbani."

Akanieleza. Kila fremu ya magogo mle shimoni ni trapeza. Pande mbili ni sambamba: gogo fupi juu, gogo refu chini. Miguu miwili imetanuka kama ya ng'ombe anayegoma kuvutwa, ili kuta zisiisukume ndani. Futi kamba hakuitaka. Kila asubuhi alishuka, akakata fito mbili kwa kipimo cha fremu ya mwisho, mmoja wa gogo la juu na mmoja wa gogo la chini, akaniletea nikate magogo mapya. Wa chini ulikuwa mrefu zaidi siku zote.

Asubuhi moja nikaziweka pamoja, zikalingana. Nikacheka.

"Mzee, leo umeniletea mstatili! Miguu imechoka kujitanua?"

Hakucheka. Alizisimamisha, akazigeuza, akazisimamisha tena.

"Jana naifunga fremu hii, chini ilikuwa pana," akasema taratibu. "Ukuta umetembea."

Na mjomba yuko chini. Mzee akaligonga bomba la hewa kwa nyundo kama mwendawazimu, ishara ya wote kupanda.

Wachimbaji walipanda mmoja mmoja, weupe kwa vumbi. Mjomba alikuwa wa mwisho, ananitukana kwa Kisukuma kwamba nimemkatizia kazi. Ndipo tukasikia kutoka shimoni: ko, ko, ko. Polepole, kwa adabu, kama mgeni mlangoni.

"Nani kabaki?" nikauliza.

"Wote tuko hapa," mjomba akanong'ona, matusi yamemwisha.

Mzee akanifunika mdomo kwa kiganja. "Ni miti. Lakini usiitikie karibu."

Iligonga mpaka ardhi ikatikisika chini ya ndala zangu. Shimo likajifukia, halafu kimya.

Nikastaafu palepale. Pensheni yangu ni mjomba, mzima.

Juzi mwalimu alichora trapeza ubaoni, kwa haraka zake miguu ikatoka wima. Darasa zima likacheka. Mlango ukagongwa: ko, ko, ko.

"Karibu," mwalimu akasema.

Mimi nilikuwa nimesharuka nje kupitia dirishani.